Maswali ya Wasomaji: Maneno 300 na Ulimi Mzito

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninalo daftari lenye maneno ya Kiingereza yapatayo 300, upande wa kushoto Kiingereza na upande wa kulia maana yake kwa Kiswahili. Ukinihoji neno lolote nitalijibu bila kusita, lakini mtu akiniuliza jambo dogo tu kwa Kiingereza, yote hunipotea. Je, niongeze maneno mengine?

JIBU: Marahaba. Kwa sasa usiongeze hata moja. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake cha msingi, chenye maneno 850 ambayo ndani yake mlikuwa na vitenzi 18 tu, akiamini kwamba hayo yangemtosha mgeni kwa mawasiliano ya kawaida. Hesabu hiyo inavutia, lakini vitenzi vinapokuwa vichache, kila kimoja hubebeshwa kazi nyingi. Chukua "put", ambacho bila shaka umekiandika kuwa maana yake ni "weka". Kikifuatwa na "on" huwa ni kuvaa, kikifuatwa na "off" huwa ni kuahirisha, kikifuatwa na "out" huweza kuwa ni kuzima moto, na "put up with" ni kuvumilia. Ukiambiwa kwamba mkutano umekuwa "put off", daftari lako litakufanya uutafute mahali ulipowekwa.

Usiwalaumu Waingereza kwa hilo, kwa maana sisi wenyewe tuna "piga". Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga deki na tunapiga hodi, na mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni kuchapa anaweza kudhani kwamba nyumba zetu hazina amani. Wewe hukujifunza "piga" peke yake, bali ulilisikia likiwa na wenzake, na ndivyo unavyopaswa kuyapokea maneno ya Kiingereza. Badala ya kuandika kwamba "mistake" ni kosa, andika "I made a mistake", kwa sababu Kiingereza husema "make" hapo, ilhali kazi ya shule husemwa "do my homework". Kiswahili hutumia "fanya" kwa yote mawili, na ndiyo maana wengi wetu huteleza papo hapo. Upande wa kulia usiandike tafsiri, andika tukio: "ninapokiri kosa langu".

Kuna jambo la pili, nalo naliona kuwa kubwa zaidi. Umejizoeza kuona Kiingereza na kukumbuka Kiswahili, na njia hiyo humfaa msomaji. Mzungumzaji huanza na jambo alilo nalo moyoni, kisha hulitafutia maneno, kwa hiyo unapojipima ziba upande wa kushoto, soma tukio, na useme sentensi nzima kwa sauti. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki moja; sentensi iliyokushinda irudishwe mwanzo wa foleni. Anza na zile za kukununulia muda, kama "Could you say that again, please?" unapoomba kurudiwa, "Let me think" unapotafakari, na "What do you call this?" unapokosa jina la kitu kilicho mbele yako. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, maana humgeuza unayezungumza naye kuwa mwalimu wako bila malipo.

SWALI: Mwenzangu Mwingereza alijikwaa, nami nikamwambia "sorry". Akanijibu kwamba si kosa langu. Nilikosea wapi?

JIBU: Wewe ulikuwa unampa pole, naye alisikia kama unaomba radhi. "Pole" yetu ni pana mno, wala haina neno moja la Kiingereza linaloitosha. Aliyejikwaa huulizwa "Are you all right?", aliyekupa habari ya ugonjwa au ya kushindwa mtihani huambiwa "I'm sorry to hear that", aliyefiwa huambiwa "I'm sorry for your loss". Ama pole tunayompa mtu aliyetoka kazini, Waingereza kwa kawaida hawana neno lake maalumu, na mimi huwaonea huruma kwa hilo. Hali ni hiyo hiyo kwa "karibu": mlangoni ni "Come in", mbele ya chakula ni "Help yourself", na baada ya kushukuriwa ni "You're welcome". Usiseme "welcome" kwa yote matatu.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 61, nimeanza kujifunza kwa kusoma vitabu. Mjukuu wangu hucheka ninavyotamka. Je, nimechelewa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hujachelewa, umeanza tu na jicho kabla ya sikio. Kiswahili hutamkwa kinavyoandikwa, nawe unakidai Kiingereza uaminifu huo huo, ambao hakina. Herufi ya kwanza ya "know" haitamkwi, wala "d" ya kwanza katika "Wednesday". Kabla hujaandika neno jipya, msikilize mtu akilitamka, au lisikilize kwenye kamusi ya intaneti yenye sauti, kisha uliandike kando kwa tahajia ya Kiswahili ili ulikumbuke, ingawa haitakuwa sawa kabisa. Waliotutangulia waliifanya kazi hiyo kwa masikio tu. Walipolipokea neno "cupboard" hawakuhangaika na "p" iliyomo katikati yake, kwa sababu hawakuisikia, wakatuachia "kabati".