Gari ya zamani inanuka petroli? Usikimbilie kabureta

Mi natembelea Land Rover Series III, 109 pikapu ya petroli, zile walizotengeneza Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985, na kuna kipindi kila abiria akipanda cha kwanza anauliza dirisha linafungukaje. Mafundi wengi ukiwaambia gari inanuka petroli hawakuulizi hata swali moja, boneti juu, bisibisi kwenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, alafu unaambiwa hii imekufa bosi, tafuta nyingine. Mmoja hapa mjini alinipa hukumu hiyo injini ikiwa hata haijapoa, na kabureta yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Kabla hujashika spana jua kwanza inanuka muda gani. Ukizima baada ya safari ndefu kwenye jua la Mtwara la mwezi wa kumi na moja, harufu kidogo chini ya boneti kwa dakika kadhaa ni kawaida ya kabureta, joto la injini linapanda kwenye bakuli lake na petroli iliyomo inageuka mvuke. Hiyo wala isikunyime usingizi. Ila kama gari imelala usiku kucha na asubuhi ukifungua mlango inakupiga puani, hapo hamna cha joto, kuna mahali panavuja. Na kama inanuka ikiwa inatembea tu, tena harufu yenyewe imechanganyika na moshi unaowasha macho, angalia choki, ile unayovuta kuwashia injini ya baridi, kama inarudi yote, na angalia turubai la nyuma, maana pikapu ikikimbia inavuta moshi wa ekzosi kuurudisha ndani na watu wanalaumu tenki la bure.

Ya kwangu ilikuwa na tabia ya ajabu, wiki moja inanuka wiki nyingine kimya. Nikaja kumwelezea mzee mmoja Masasi, dereva wa zamani aliyebeba sana korosho na hizi 109. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, we huwa unajaza tenki?"

"Nikiwa na hela, mzee."

"Basi jaza, upandishe nayo Newala, ukifika juu zima ulale chini uangalie. Nusu tenki hiyo hainuki."

Na kweli bana. Kwenye hizi gari tenki liko chini ya siti ya dereva, yaani umelikalia, na mdomo wa kujazia uko ubavuni nyuma ya mlango wako. Katikati kuna mpira mnene wa kupitisha mafuta na mwingine mwembamba wa kupumulia. Ikipasuka hiyo mipira, ukiwa na mafuta kidogo huoni kitu, ila ukijaza ukakata kona au ukapanda ule mlima wa kutokea Masasi, petroli inasogea mpaka kwenye ufa. Juu ya tenki tena kuna kifaa cha geji ya mafuta kimefungwa na skrubu na gasketi chini yake, gasketi ikikauka ni hadithi ile ile. Nikatoa siti, nikafunua kile kibati. Vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa juu ya tenki lote isipokuwa njia moja nyembamba, safi kama imepigwa deki, imeanzia kwenye skrubu ya geji ikashuka mpaka ukingoni. Petroli ikikauka huoni unyevu, ila inaosha vumbi au inaacha doa la rangi ya chai. Kwahiyo usioshe gari kabla ya kukagua! Vumbi ndo ramani yako. Ule mpira mnene nao nilipoukunja ukaonyesha nyufa pande zote, nikabadili vyote kwa pamoja.

Pua usiitegemee sana, ukikaa na harufu dakika chache inazoea na unaanza kusema imeisha. Ita mtu aliyekuwa nje aje anuse, mi namwita mama watoto, hana huruma.

Pampu nayo usiisahau. Ile ya kusukumwa na injini ina daiframu ndani, kile kiwambo chembamba kinachovuta mafuta, ikitoboka petroli inaweza kushuka kwenye oili. Chomoa stiki ya oili uinuse, na kama oili imeongezeka wakati hujaongeza na ni nyepesi kama maji, usiwashe tena hiyo gari mpaka ubadili daiframu na oili yote. Kabureta iwe ya mwisho, na hata huko mara nyingi ni floti, kile kiboya cha ndani ya bakuli, au kile kisindano cha kufungia mafuta kimeshika uchafu, unasafisha maisha yanaendelea.

Mipira msinunue ile ya plastiki ya maji inayopimwa kwa mita, petroli inaikausha mpaka inakatika kama kijiti. Ukikosa duka la spea nenda kwa wanaouza vifaa vya wavuvi, mpira wa mashine ya boti umetengenezwa kwa petroli hiyo hiyo. Klipu chukua za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya bahari huku haina utani. Silikoni ya kawaida ya kuzibia usiweke, petroli inailainisha inavimba na kubanduka. Tenki likitoboka katundu kadogo njiani, sabuni ya mche ikisuguliwa pale inashika mpaka ufike nyumbani, madereva wa zamani wote wanaijua, ila ni ya kukufikisha tu sio ya kuishi nayo. Na asije mtu akakuchomelea tenki hivi hivi eti kwa sababu ni tupu, tupu ndo limejaa mvuke na ndo linalolipuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji, kwahiyo kagua nje penye upepo, toa waya wa hasi wa betri, tumia tochi, na mwenye sigara akavutie mbali.

Kitu kingine, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Tanzania, wanatangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tukisikia fununu za kupanda basi Jumanne jioni wote tunajaza mpaka shingoni. Petroli inatoka kwenye tenki la chini ya ardhi, kesho yake gari iko juani, inavimba. Tenki la lita 45 likipata joto la nyuzi 10 zaidi linaongezeka karibu nusu lita, na hiyo nusu lita lazima itafute pa kutokea, inatokea kwenye kofia ya tenki. Hapo huna ubovu wowote, punguza tu lita mbili tatu.

Ukishamaliza kuziba, toa sponji ya siti na mazulia uanike siku kadhaa, vinafyonza sana. Vikirudi bado vinanuka nunua sponji mpya, yangu niliipeleka kwa fundi wa makochi Chikongola akanikatia nyingine, na amenipa nene mpaka sa hivi kichwa kinagusa paa.