Paswedi moja ofisi nzima? Mkuu, acha kabisa

Mkuu, acha. Umesema mnaingiza mafaili ya watoto walio katika mazingira hatarishi kwenye kompyuta hapo Kasulu, unauliza ununue laptop gani na nakala mzitunze wapi, halafu unapitishia chini chini kwamba mtatumia paswedi moja "ili kazi isikwame". Mimi niliungulia hapo hapo.

Nilisimamia mfumo kama huo kwenye mradi mmoja Kigoma mjini, 2017. Akaunti moja tu, inaitwa "ofisi", paswedi imebandikwa kwa selotepu chini ya kibodi. Mhasibu anayo, dereva anayo, vijana wa kujitolea wanayo. Paka wa ofisi sina uhakika.

Asubuhi moja akaingia bibi mmoja, ndoo ya dagaa kaiacha mlangoni. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. "Mwanangu, nani kawaambia watu wa Kibirizi mjukuu wangu anakunywa dawa?" Dawa zenyewe unazijua. Mtoto wa miaka tisa, na darasani hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo nimsake aliyechungulia. Faili la mtoto lilifunguliwa mara kumi na nne mwezi ule, zote na "ofisi". Sasa ofisi ni nani? Ofisi ikawa mimi, maana barua ya onyo ilikuja na jina langu. Aliyepeleka maneno simjui mpaka leo, na huenda tunasalimiana kila siku.

Yule mtaalamu aliyetufundisha siku mbili, akala posho, akasema akaunti nyingi ni usumbufu tu kwa ofisi ndogo, nimemtaja sana, na si kwenye dua. Na asinidanganye mtu kwamba enzi zile hakukuwa na sheria. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, sawa. Ila ya UKIMWI ya 2008 ilishasema majibu ya vipimo vya mtu ni siri.

Kila mtu akaunti yake, na aone kinachohusu kazi yake tu. Dereva anatakiwa kujua kijiji na njia, vipimo vya nini? Anayeacha kazi, akaunti ifungwe siku hiyo hiyo. Watasema unawabania. Wabanie.

Bibi alimhamishia mtoto kwa shangazi yake Uvinza. Nilimpelekea kadi ya kliniki mwenyewe. Aliipokea bila kufungua mlango wote.

Laptop nunua yoyote.