Usimfiche Mgonjwa Wako Kwenye Kesi

Mwezi uliopita mdogo wangu, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, alipata cheti cha uraia wa Marekani. Hakula kiapo, kwa kuwa sheria humwondolea sharti hilo mtu asiyeweza kukielewa. Mimi, kaka yake niliyekwisha kuwa raia, nilimwakilisha. Tangu hapo ndugu wengi wenye wagonjwa wameniuliza tulipitaje.

Kambini, wazee walimsihi mama amfiche mtoto siku ya mahojiano ya kesi yetu ya kuhamia Marekani, wakidai kwamba Wazungu hawachukui walemavu. Mama alikataa, nami ninajivunia ukaidi wake hadi leo. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ina kundi maalumu la wanaopendekezwa kuhamishiwa nchi ya tatu, kama Marekani, kwa sababu ya mahitaji ya matibabu, na uchunguzi wa afya wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kabla ya safari huweza kuonyesha kilichofichwa. Mtaje mgonjwa wako mapema, jina la ugonjwa na dawa zake, na nakala za vyeti mzibebe mkononi ndani ya ule mfuko wa nyaraka za safari wa IOM, si kwenye mizigo.

Hata hivyo, kuandikwa peke yake hakutoshi. Shirika lililotupokea lilikuwa na taarifa zote, lakini lilituweka ghorofa ya tatu isiyo na lifti, na mama akawa anapanda na kushuka ngazi na mdogo wangu, kijana wa miaka 17, mgongoni, mpaka siku 90 za mapokezi zikaisha na faili letu likafungwa. Jambo hilo bado linaniuma. Tulihamishwa pale tu tulipoacha kulalamika kwa mdomo tukaanza kuandika barua, tukiambatanisha vyeti vya Kigoma. Ndugu zangu, andikeni, wekeni nakala, na mdai mkalimani, kwa maana hospitali haipaswi kuwatoza hata senti kwa huduma hiyo.

Lililo zito kuliko yote ni hesabu ya miaka. Fedha za SSI, ambazo serikali ya Marekani humlipa mlemavu mwenye kipato kidogo au asiye nacho, mkimbizi huzipata kwa miaka 7 tu, kisha hukatwa asipokuwa raia, ilhali uraia huombwa baada ya miaka 5. Mna miaka 2 pekee, na maombi huchukua muda mrefu. Asiyeweza kujifunza Kiingereza wala historia ya nchi kwa sababu ya ulemavu huombewa msamaha kwa fomu N-648, ambayo hujazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni ya Marekani. Daktari wetu aliijaza bila kusita kwa sababu alikuwa amemtibu mdogo wangu tangu mwaka wetu wa kwanza Marekani. Familia ninazozifahamu zilizobadilisha kliniki kila mara zimehangaika sana kumpata wa kuijaza.

Kwa mlio bado kambini, ninajua kwamba Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Hata hivyo, fomu ya UNHCR inayoeleza hali ya mgonjwa hudumu miezi 6 kisha huhitaji kujazwa upya, kwa hiyo msiache kuhudhuria kliniki, na kila mara ombeni yaliyoonekana yaandikwe kwenye kadi ya mgonjwa.