Msokoto wa bawa hauombwi, hukokotolewa

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka nimpe namba moja tu: pembe ya msokoto wa bawa, yaani tofauti ya pembe kati ya shina la bawa na ncha yake, kwa ndege ndogo isiyo na mkia. Sikumpa. Namba kama hiyo niliwahi kuiomba mimi, nikapewa, nikavunja ndege tatu.

Nilifundishwa kwamba mgawanyo bora wa nguvu ya kunyanyua ni wa umbo la duaradufu. Ni kweli, mradi kilichowekewa kikomo ni urefu wa mabawa kutoka ncha hadi ncha. Nikachonga povu gumu kwa kufuata hesabu hiyo, lakini kila nilipoilaza ndege kushoto, pua ilikwenda kulia, kwa sababu bawa linalopanda hunyanyua zaidi na hivyo huburutwa nyuma zaidi. Mhandisi niliyemheshimu alisema mbele ya wenzangu kwamba huo ni mchezo wa watoto. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Mwaka 1933 Ludwig Prandtl, mwanasayansi Mjerumani wa mwendo wa hewa, alilirudia swali kwa njia nyingine: aliuacha urefu huru, akaweka kikomo kwenye uzito wa muundo unaohimili kupinda kwa bawa. Mgawanyo uliopatikana una umbo la kengele. Tukipima x kutoka 0 katikati hadi 1 nchani, duaradufu ni (1 − x²) kwa kipeo cha 1/2, na kengele ni hiyohiyo kwa kipeo cha 3/2. Kwa urefu uleule kengele hushindwa, kwani ukinzani utokanao na unyanyuaji huongezeka kwa theluthi moja. Lakini mzigo, yaani unyanyuaji ambao bawa hubeba, ukishapunguzwa nchani, mabawa yanaweza kurefushwa kwa asilimia 22 kwa uzito uleule, na ukinzani hupungua kwa asilimia 11.

Kilichonikosesha usingizi ni hiki: hewa inayosukumwa chini hufuata 1 − 2x², kwa hiyo kuanzia x = 0.707 kwenda nje hewa inapanda, na nguvu ya bawa inaelekea mbele kidogo. Usukani, yaani kibamba kinachopinduliwa ili kuilaza ndege, ukiwekwa huko nchani, bawa linalopanda huvutwa mbele, na pua hufuata upande wa kona. Mbunifu wa ndege Mjerumani Reimar Horten aliitumia kengele katika ndege zake zisizo na mkia, na Albion Bowers na wenzake wa NASA wakairusha tena katika Prandtl-D, ndege yao ya majaribio isiyo na mkia. Mwezi uliopita yangu ya nne ililala kushoto, na pua ikaenda kushoto.

Basi, ndugu yangu, anza na mgawanyo wa mzigo unaoutaka, kisha uuache msokoto utoke kwenye hesabu, kwa kuwa hutegemea umbo la bawa lako na mwendo uliouchagua. Usiazime pembe ya mtu. Gawa kila bawa vituo ishirini, ukokotoe, kisha unitumie jedwali tulitazame pamoja.