Kabla ya Kujilipia Uzamivu wa Sayansi ya Moyo Uingereza

Chuo kikuu cha Uingereza kinapotangaza mradi wa uzamivu (PhD) wa kujigharamia, kwa kawaida msimamizi ana swali la utafiti na nafasi katika maabara yake, ila hana fedha za mwanafunzi. Kwa kuwa nafasi hizi hazigombewi kama zile zinazofadhiliwa na British Heart Foundation, shirika la hisani linalogharamia utafiti wa moyo, waombaji wengi hudhani kwamba aliyekwisha kupata ada ya masomo amemaliza kazi. Hajamaliza, kwani miradi mingi ya maabara hutoza pia ada ya maabara kila mwaka, na kiwango chake mara nyingi hakimo katika tangazo.

Basi anza kwa kuuliza mradi unatumia nini. Utafiti wa jinsi msuli wa moyo wa panya unavyoharibika unapokosa damu unahitaji wanyama wa kutunzwa, kemikali, na antibodi (protini za kutambulisha molekuli fulani katika sampuli) zinazouzwa ghali katika vichupa vidogo mno; tena, kwa sheria ya wanyama wa majaribio ya 1986, hutamgusa panya hata mmoja kwa jaribio kabla ya kupata mafunzo na leseni yako binafsi. Mradi wa kuchambua data zilizokwisha kukusanywa ni nafuu zaidi. UK Biobank, hifadhi ya data na sampuli za afya ya Uingereza, kwa mfano, iliandikisha watu wapatao 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, na ingawa matumizi ya data zake yana malipo, ni gharama inayojulikana mapema. Kwa anayejilipia, mimi ningechagua mradi wa aina hii, japo washiriki wa hifadhi hiyo ni Wazungu kwa sehemu kubwa sana, jambo la kupima vizuri ikiwa unakusudia kurudi kutibu shinikizo la damu Muhimbili au Mombasa.

Ukipanga kutumia sampuli za damu kutoka nyumbani, hesabu muda pia. Tanzania utahitaji idhini ya kimaadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), Kenya leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na juu yake mkataba wa kuhamisha sampuli. Ni heri taratibu hizi zianze kabla hujasajiliwa, kwa sababu ukishasajiliwa ada inahesabika hata kama friza ni tupu.

Katika barua pepe ya kwanza kwa msimamizi, acha habari za kuipenda sayansi tangu utotoni. Taja makala yake moja na umuulize, kwa mfano, kwa nini seli za mishipa ya damu zilipimwa baada ya saa 24 na si mapema zaidi. Swali la namna hiyo huonyesha kwamba umesoma sehemu ya mbinu, ambayo waombaji wengi huiruka. Akikujibu vizuri, omba kwa maandishi kiasi cha ada ya maabara, nani atalipa jaribio likilazimika kurudiwa, na ruzuku ya maabara inakwisha lini. Omba pia kuzungumza na mwanafunzi wake wa sasa, bila msimamizi kuwapo.

Kuhusu viza, fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo, na tozo ya afya kwa wahamiaji, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, hulipwa kwa mkupuo kwa muda wote wa viza. Mwisho, uliza ada ya mwaka wa nne: vyuo vingi huipunguza sana kwa anayeandika tasnifu tu, lakini ukiwa bado unafanya majaribio huenda ukatozwa ada kamili.