Nyota zipi ni za Kilimia kweli, na zipi ni wapita njia?

Mkuu, umevuta data ya Gaia (setilaiti iliyopima mahali na mwendo wa nyota) kuzunguka Kilimia, yaani Pleiades, ukachora rangi dhidi ya mwangaza, likatoka wingu lisilo na sura. Lazima liwe hivyo, maana umechanganya fungunyota na kila kilicho mbele na nyuma yake. Mchoro huo mimi huuweka mwisho.

Anza na mwendo. Nyota hizi zilizaliwa pamoja zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na bado zinasafiri pamoja. Fungua faili lako kwenye TOPCAT (programu ya majedwali ya nyota, ni ya bure), chora safu ya pmra dhidi ya pmdec, yaani mwendo wa nyota angani kwa mashariki-magharibi na kwa kaskazini-kusini. Utaona lundo kubwa karibu na sifuri. Nyingi kati ya hizo ziko mbali sana nyuma. Pembeni, penye 20 na −45 hivi, milisekunde za tao kwa mwaka, kuna kikundi kimejitenga. Ndio wenyewe, wala huhitaji hesabu.

Ila usikibane. Kilimia iko karibu, kama miakanuru 440, kwa hiyo nyota za upande wetu huonekana kwenda kasi kidogo kuliko za upande wa nyuma hata kama mwendo wao halisi ni mmoja. Mimi huzungushia duara lenye nusu kipenyo cha 5. Wageni watakaoponyoka hapo watakamatwa na paralaksi (kuyumba kwa nyota angani Dunia inapozunguka Jua, kunakotupa umbali): ya fungu ni kama milisekunde za tao 7.4, nami hupokea kuanzia 6.8 hadi 8. Kukaa jirani angani si ushahidi. Dabarani inaonekana imo kabisa ndani ya fungunyota la Hyades, kumbe iko miakanuru 65 tu na Hyades ni kama 150.

Sasa chora rangi na mwangaza. Mstari utajitokeza wenyewe. Hapa wengi hufyeka kila kilicho nje ya mstari, nami sikubaliani nao. Nyota pacha, mbili zinazoonekana kama moja, hukaa juu yake, hadi 0.75 hivi kwenye kipimo cha mwangaza. Vibete vyekundu hafifu bado havijamaliza kusinyaa, navyo huonekana juu ya mahali pa nyota kongwe za rangi ileile. Na LB 1497, kibete cheupe (kiini cha nyota iliyokwisha kufa) cha Kilimia, kiko chini kabisa: ukifyeka umekipoteza. RUWE, kipimo cha Gaia cha jinsi vipimo vinavyolingana na nyota moja pekee, ikizidi 1.4 weka alama tu, usifute, kwa sababu mara nyingi ni pacha.

Ukibaki na shaka, tazama kasi ya kutukaribia au kutuacha; ya Kilimia ni kilomita 5 hadi 6 kwa sekunde, ya kutuacha. Lithi ni ushahidi mzuri wa ujana, lakini inadai spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi.

Njia hii ya jicho usiipeleke kwenye fungunyota NGC 6231, kule kwenye kundi la Nge. Iko mbali mno, mwendo wake umezama ndani ya lundo la sifuri, na huko kila nyota unaipa uwezekano wa uanachama badala ya ndiyo au hapana.