Seva ya mafaili inasuasua? Usikimbilie kununua ramu (RAM)

Wenzangu mnaotunza seva za ofisini, ngoja niwape yaliyonikuta. Tuna seva ya mafaili, Linux na Samba ya kawaida tu (Samba ndo programu inayogawia kompyuta za ofisi mafaili ya seva), watu kama 30 wanafungulia humo Excel zao na mikataba iliyoskaniwa, sasa kila siku saa tatu asubuhi inaanza kusuasua, wahasibu simu juu ya simu, na mimi nikipiga free -h (amri ya kuonyesha hali ya ramu) naona ramu ya gigi 16 imebaki nusu gigi. Nikajua imekwisha. Nikaweka kroni, yaani kazi inayojiendesha kwa ratiba, ya kufuta kache (nakala za mafaili zinazokaa kwenye ramu) kila saa (msinicheke) na bosi nikamwandikia barua tununue ramu.

Kumbe najiroga mwenyewe. Linux ikishasoma faili kwenye diski inaliacha kwenye ramu, mtu wa pili akilitaka anapewa fasta bila diski kuguswa, na programu ikihitaji nafasi kache inapisha. Kwa hiyo kwenye free -h angalia safu ya available (inayoweza kupatikana programu ikihitaji), sio ya free (iliyo tupu kabisa). Yangu ilikuwa gigi 12! Halafu mimi kila saa naifutia seva kumbukumbu, inaanza kusoma upya.

Nikatoa kroni, siku nzima ikawa safi ila saa tatu bado nzito. Hapo ndo nikafungua iotop nione nani anaila diski, nikakuta smbd moja (hiyo ndo Samba yenyewe ikimhudumia mtu) inasoma kwa fujo, nikachukua PID, namba ya utambulisho wake, nikaitafuta kwenye amri ya smbstatus, ambayo inakuonyesha yuza, IP na mafaili aliyofungua. Mchawi kapatikana: kompyuta moja ya uhasibu imepangiwa bakapu ya folda zima asubuhi. Tukaihamishia saa nane usiku.

Ukitaka pia kujua nani kafuta faili (na siku moja utataka tu), washa full_audit ya Samba, inayoandika kwenye logi nani kafanya nini na faili gani, ila andikisha kufuta na kubadili jina basi, mimi niliwasha kila kitu mpaka kusoma, logi ikajaza diski ndani ya siku chache.

Na UPS (betri ya kushikilia seva umeme ukikatika) muhimu, maana kinachoandikwa nacho hukaa kwenye ramu kwanza, kwa kawaida hata sekunde 30, umeme ukikatika hapo kimeenda.

Barua ya ramu? Bosi kaipitisha juzi, ndo natafuta maneno ya kumwambia.